Mwezi wa Kupanda Chome

Tulipomaliza kumzika Eliakimu kule Chome, mwezi uliopita, nilipewa kiti cha mbele katika gari la Bwana Godlisten, mstaafu mwenzangu, ili tushuke pamoja hadi Same. Hatujafika hata kona ya tatu, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea siku ile. Yeye na mkewe wanataka kukodi gari la kulala, haya ya kisasa yenye vitanda na jiko ndani, waizunguke Kaskazini yote: Upare, Kilimanjaro, Arusha, hadi Karatu. "Wewe, Bi. Namsifu, ndiye mtu pekee ninayemfahamu aliyewahi kuifanya safari hiyo," alisema. "Msimu gani unafaa? Nitajie mwezi tu, nitauandika kwenye simu." Nilimwambia aangalie barabara. Alidhani nimechoka na msiba, akarudisha macho barabarani kwa adabu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikumhusu. Saa mbili tu kabla ya hapo, chini ya turubai, Upendo, binti wa marehemu, alikuwa amesoma wasifu wa baba yake, kurasa tatu zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri wa kiualimu, na katika ukurasa wa pili ilikuwamo sentensi hii: "Katika utumishi wake wote marehemu alipata ajali moja tu, iliyosababishwa na haraka yake mwenyewe, naye hakuacha kuijutia." Waombolezaji walitikisa vichwa kwa huruma. Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba lilikuwa lori la mbao. Halikuwa lori la mbao. Na ajali ile haikusababishwa na haraka ya mtu yeyote aliyeshika usukani. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote aliyekuwa hai pale, nami nilikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, nikasubiri wimbo ufuatao.

Niliajiriwa ukarani nikiwa na miaka ishirini na mitatu, katika ofisi ya Same iliyoshughulikia maktaba za vijiji. Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Ofisi yetu ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mwembamba ulionukia karatasi na wino wa mashine ya kuchapa. Dirisha langu lilitazama mlima, na kwa kuwa Same ni kukavu, mlima ule niliuona kila siku kama kitu cha nchi nyingine: huku vumbi na mikonge, kule juu wingu limelala kwenye msitu wa Shengena tangu asubuhi. Chakula cha mchana tulikula uani, makande kutoka sufuria moja, sisi watatu. Wa kwanza alikuwa mkuu wetu, Bwana Athumani, mtu wa Pangani, msafi, mwenye kalamu mbili mfukoni na kauli moja kwa kila jambo. Wa pili alikuwa Eliakimu, dereva, mzaliwa wa Chome, aliyenizidi miaka kumi hivi. Alikuwa mtu wa kuongea taratibu, na aliendesha gari namna ileile alivyoongea. Naomba msomaji alizingatie hilo.

Mwaka ule wafadhili walituletea gari la kulala. Siku lilipofika, nusu ya mji ilikuja kulitazama. Lilikuwa na rangi ya maziwa, na mgongoni lilibeba chumba kizima: vitanda viwili vya kukunja, meza iliyoshuka kutoka ukutani, jiko la gesi la mafiga mawili, beseni la kuoshea vyombo lililotosha sahani mbili, na tangi la maji juu ya dari. Kuta zilizobaki zote zilikuwa rafu za vitabu. Lengo lilikuwa kulizungusha Kaskazini, kijiji kwa kijiji, likikaa siku chache kila mahali, watu wasome na kuazima, watumishi walale humohumo wasisumbue wenyeji. Wanawake wa sokoni walichungulia ndani, mmoja akauliza, "Na choo?" Eliakimu akamwonyesha kijichumba cha pembeni. Mama yule alirudi nyuma hatua mbili. "Yaani mnapika hapa, na pale ndipo...? Jamani, wasomi!" Ukumbi wa ofisi ulicheka juma zima. Eliakimu hakuwa wa kucheka sana, lakini nilimwona siku ile akipitisha kitambaa kwenye taa za gari ambazo hazikuwa na vumbi. "Dada Namsifu," aliniambia, "mimi nimeuona Kibo kutoka upande huu maisha yangu yote. Safari hii nitauona kwa nyuma." Alikuwa amezichora njia zote kwenye daftari la shule: Shighatini, Moshi, kisha kuuzunguka mlima kwa upande wa magharibi, kisha Arusha. Aliniomba nimchapie orodha ya vituo, nami nikamchapia na nakala ya kaboni.

Kazi yangu ilikuwa kuchagua msimu. Bwana Athumani alinikabidhi jalada lenye kichwa "Msimu Ufaao kwa Ziara ya Kaskazini" na kuniagiza niviandikie vijiji, nipokee majibu, kisha niandae jedwali la ukurasa mmoja. Jambo hilo lilizua mabishano ya majuma mawili juu ya sufuria la makande. Bwana Athumani alisema kiangazi, na kwake, mtu wa pwani, kiangazi kilikuwa Januari na joto lake. Eliakimu akasema huku kwetu kiangazi ni baada ya masika. "Basi nyie hata misimu mmeipindua," Bwana Athumani akasema. "Hatukuipindua, Bwana Mkuu," Eliakimu akajibu huku akichukua punje ya mahindi iliyoangukia mezani, "ila mvua haikupita Pangani kuomba kibali." Nilicheka hadi nikapaliwa. Leo, nikikaa mezani peke yangu na sahani yangu ndogo, sauti zile mbili ndizo zinazonijia kwanza, kabla ya sura zao.

Majibu ya vijiji yalikuja moja moja, na hakuna hata moja lililotaja mwezi. Kihurio waliandika: njooni tukishamaliza kufukuza ndege kwenye mpunga. Wafugaji wa tambarare, kupitia kwa katekista wao, waliandika: njooni ng'ombe wakiwa karibu na nyumbani. Kutoka Chome aliandika Mwalimu Zakaria, aliyetunza maktaba ya kijiji, barua fupi kwa wino wa bluu: "Njooni baada ya msaragambo wa barabara." Sasa, kwa asiye wa kwetu, nieleze. Msaragambo ni kazi ya pamoja ya Wapare. Baragumu hupigwa kutoka kilimani asubuhi, kila kaya hutoa mtu na jembe lake, na wote hutengeneza mfereji, au shule, au barabara. Kule juu, masika huibomoa barabara kila mwaka, na barabara haiwi barabara tena mpaka msaragambo wake upite. Siku yake haimo kwenye kalenda. Wazee huipanga maharage yakishavunwa, misiba ikiwa imetulia, watu wakiwa na nafasi. Maneno yale ya Mwalimu Zakaria yalikuwa jibu kamili kuliko majibu yote yaliyomo kwenye jalada.

Nami niliyafuta. Bwana Athumani hakuiona barua ile. Mimi ndiye niliyefungua barua zote, na mimi ndiye niliyeandaa jedwali. Safu ya tatu ilikuwa na kichwa "Mwezi", na ilikuwa nyembamba. Kwa Kihurio nilikisia Juni. Kwa Chome nilichukua daftari la kipimo cha mvua kilichokuwa uani kwetu, nikaona Julai haina hata tone, nikaandika "Julai". Nikijitetea kwa wembamba wa safu nitakuwa nasema uongo, maana ningeweza kuweka maelezo chini ya jedwali, na nafasi ilikuwapo. Sababu ya kweli ni kwamba nililionea haya neno lile. Nililijua tangu utotoni. Baragumu lake lilikuwa limeniamsha mara nyingi nikiwa likizoni mlimani. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba waraka wa serikali huandikwa kwa Kiswahili sanifu, na niliona kwamba nikichapa "msaragambo" mbele ya mtu wa Pangani, nitaonekana msichana wa shamba aliyevalishwa viatu. Barua ya Mwalimu Zakaria niliiweka nyuma kabisa ya jalada. Jedwali likasifiwa kwa usafi wake.

Tulianza na Kihurio, na mambo yakaenda vizuri. Julai tukaiacha barabara kuu pale Makanya, tukaanza kupanda. Chini kulikuwa na vumbi jekundu na jua kali. Nusu ya mlima tukaingia kwenye ukungu, ule ukungu wa kipupwe unaolowesha nguo pasipo mvua kunyesha, ambao hakuna kipimo cha Same kilichowahi kuupima. Eliakimu alisimamisha gari, akashuka, akatembea mbele hatua kama hamsini, akarudi na udongo umemganda viatuni. Nilikuwa nimekaa kati yake na Bwana Athumani. Alinitazama mimi, hakumtazama mkuu.

"Dada Namsifu, msaragambo umeshapita huku?"

"Ratiba inasema Julai," nikajibu.

"Nakuuliza msaragambo."

"Ratiba imepitishwa," akadakia Bwana Athumani. "Wenyeji ndio waliotoa mwezi. Panda, bwana, tunasubiriwa."

Eliakimu alirudi kwenye usukani, akashika ufunguo. Ningeweza kusema. Nilikuwa na kila kitu cha kusema, kwa sentensi moja. Akawasha gari, akapanda kwa gia ya kwanza, polepole kiasi kwamba mama mmoja mwenye mzigo wa kuni alitupita kwa miguu na kutuamkia kupitia dirisha. Kwenye kona iliyofuata, pale ambapo masika yalikuwa yameula ukingo, udongo ukahama chini ya magurudumu ya nyuma. Gari liliteleza upande kama mtu anayekaa chini kwa uchovu, likaegemea ukuta wa mlima na kutulia hapo, gurudumu moja likining'inia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Lakini tangi la maji juu ya dari lilipasuka, na maji yote yakashukia rafu.

Mwalimu Zakaria alifika kabla hatujamaliza kushuka, na nyuma yake watu wengi. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Hamkuipata barua yangu?" Nilijibu kwamba barua zilikuwa nyingi. Bwana Athumani alikuwa akikagua taa iliyovunjika, hakusikia. Aliomba watu walisukume gari litoke. Mwalimu Zakaria akawauliza wazee wawili kwa Chasu, lugha yetu Wapare, kisha akatugeukia na kusema kwa upole uleule ambao bado nausikia: "Gari ni lenu, nalo tutalitoa. Lakini tukilitoa leo litaanguka kona inayofuata. Msaragambo uko wiki ijayo, maharage yakishaingia ndani. Barabara ikishakuwa barabara, gari litatoka." Bwana Athumani alizungumza juu ya mamlaka na wilaya. Walimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, wakaenda kuvuna maharage.

Tulikaa siku tisa. Wanaume wawili walihamia kwa Mwalimu Zakaria, maana Eliakimu hakutaka kumwacha mkuu wake peke yake ugenini, na mimi, kwa kuwa nilikuwa msichana, nilipelekwa kwa mke wa Eliakimu, Mama Upendo, ambaye nyumba yake ilikuwa mwendo mfupi kutoka kwenye ile kona. Nimelala katika nyumba nyingi tangu wakati ule, zikiwamo za serikali zenye mapazia mazito, na sijalala vizuri kama katika chumba kile chenye kitanda cha kamba, maharage mabichi yakianikwa darini na moshi wa jikoni ukipenya kwenye mbao. Asubuhi alinipa chai ya tangawizi na viazi vya moto. Mchana nilikwenda kwenye gari lililoinama, nikatoa vitabu vilivyolowa na kuvitandaza juu ya vichaka, na ukungu ukavilowesha upya. Watu walivisoma hivyohivyo. Waliporudi shambani walisimama pale na vikapu vyao, wakainama kando ya barabara kusoma ukurasa uliokuwa juu, na mtu akimaliza ukurasa wake alimwita aliye kwenye kichaka jirani: "Kwako anasemaje? Kwangu ameshaoa!" Hatukupata wasomaji wengi kiasi kile mahali pengine popote. Nilikuwa na furaha siku zile, nakiri. Ilikuwa furaha iliyokaa juu ya jambo lisilosemwa, lakini ilikuwa furaha.

Siku ya sita nilikuwa ndani ya gari, nyuma ya pazia, nikikausha rafu, nikawasikia wakizungumza nje.

"Mimi sina ugomvi nawe, Eliakimu," Bwana Athumani alisema. "Lakini wafadhili watauliza. Ratiba ilikuwa sahihi, wenyeji waliitoa wenyewe. Kinachobaki ni dereva."

"Nilisimama, Bwana Mkuu. Niliuliza."

"Uliuliza neno ambalo halimo kwenye ratiba."

Kisha Eliakimu akasema, "Watu wangu wote wanapita hapa kila siku wakiniona. Andika unavyoona. Ila usiandike kwamba nilikimbia. Mimi sikimbii."

Jioni ile Mama Upendo alikuwa akigeuza makande jikoni, mtoto amelala mgongoni mwake, mtoto yuleyule ambaye mwezi uliopita alisoma wasifu. Alipakua sahani yangu kwanza, kabla ya yake. Akaniuliza bila kunitazama, "Mwanangu, wewe ulikuwa mle ndani. Hivi mume wangu alikuwa na haraka kweli? Wanasema aliona kwao akakanyaga mafuta." Nilikuwa nimeketi katikati ya madereva wawili, mmoja wa gari na mmoja wa ofisi, kila kitu nilikiona. Nilimjibu, "Sikuangalia, mama. Nilikuwa nasoma jedwali." Akasema, "Haya, kula." Nikala.

Baragumu lilipigwa siku ya tisa, asubuhi. Watu walishuka kutoka kila kilima na majembe yao, wakapasua mawe, wakajaza mtaro, wakaimba, na kufikia mchana barabara ile ilikuwa na ukingo mpya. Gari walilinyanyua kwa magogo kana kwamba lilikuwa kitanda cha mgonjwa. Tuliporudi Same, Bwana Athumani aliniita na kunisomea taarifa niichape. Neno "uzembe" lilikuwamo, na "haraka ya dereva kufika nyumbani kwake". Barua ya Mwalimu Zakaria ilikuwa hatua nne kutoka mashine yangu. Nilichapa bila kosa hata moja, nakala nne. Juma lililofuata dereva mwingine aliletwa kutoka Moshi, na Eliakimu akahamishiwa gari la maji, ambalo aliliendesha kati ya kisima na mji mpaka alipostaafu. Sisi tukaenda Kaskazini. Nimeuona Kibo kwa nyuma, kutoka upande wa magharibi, asubuhi isiyo na wingu, na kulikuwa na theluji hadi chini. Nilirudi na sikumsimulia. Alipokuja ofisini na karatasi zake za mafuta alinisalimu kama zamani, akauliza habari za nyumbani, akaondoka. Sijui kama alijua kuhusu barua. Jalada lile silijui liliko leo, na sina ushahidi mwingine zaidi ya kauli yangu.

Kauli hiyo niliichapa majuma mawili baada ya mazishi, ukurasa mmoja, nikaweka saini na cheo nilichokuwa nacho wakati ule. Nilimpigia simu Upendo, ambaye anafundisha Kihurio, nikaenda kumwona nyumbani kwake. Alinipokea kwa "Shikamoo, shangazi," akanipa maji, akaketi kusoma. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Niliiona kuwa haki yake na nilikuwa tayari kuipokea. Nilikuwa nimejiandaa pia kumwomba sentensi ile ya ukurasa wa pili ifutwe na ukurasa uandikwe upya, ili wajukuu wasije wakairithi. Alisoma mara mbili. Mwalimu ni mwalimu. Mara ya pili alikuwa na kalamu mkononi, na akasahihisha koma moja.

"Sentensi ile nitaifuta," alisema. "Niliiandika kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa nyumbani."

"Na baba yako alisema nini?"

"Baba hakusema kitu. Mama ndiye aliyesema." Alikunja karatasi mara moja, akaikunjua. "Mama alimwita Bwana Haraka. Akichelewa kula: Bwana Haraka, leo vipi? Akitembea polepole kwenda kanisani: Mwacheni, Bwana Haraka amebadilika. Miaka yote, shangazi. Sisi watoto tulicheka, naye alicheka pamoja nasi. Mama alitangulia miaka sita iliyopita, na alikwenda akijua kwamba mume wake alimwaibisha mbele ya kijiji kizima kwa kukimbilia nyumbani, na kwamba yeye alimsamehe."

Nilimwambia kwamba mama yake aliniuliza, na nikamweleza nilivyomjibu. Jambo hilo halikuwamo kwenye karatasi yangu. Upendo alinisogezea karatasi na kalamu yake juu ya meza, akangoja, nami nikaliandika kwa mkono, chini ya saini.